Anayekaa Chini ya Ukuta

Siku hizi ukitaka kumnyamazisha mtu katika mkutano wa kijiji huna haja ya kumjibu. Mwite mpinga maendeleo, basi, maneno yake yamekwisha. Nimelisikia jina hilo wakipewa wakulima, wafugaji, akina mama wauza uji, hata katekista mmoja mpole ambaye kosa lake lilikuwa kuuliza kama maji ya kisima yatapimwa. Nimechoka kulisikia. Mimi ni mwalimu mkuu mstaafu, umri wangu umepita sabini, sina cheo cha kupoteza wala cha kutafuta. Kwa hiyo nitawatetea watu hawa waziwazi, hasa wale wanaokaa jirani na mgodi uliofungwa ambao sasa unatakiwa kufunguliwa upya.

Kwanza niondoe shaka. Sisemi migodi isifunguliwe. Nilipotoka Chuo cha Ualimu Butimba mwanzoni mwa miaka ya 1970 nilipangiwa shule mkoani Shinyanga, na miongoni mwa wanafunzi wangu walikuwamo watoto ambao baba zao walifanya kazi migodini. Niliwatambua kwa viatu. Mzazi mwenye pamba alingoja msimu, akangoja mizani, akangoja malipo; mzazi mwenye mshahara wa mgodi alinunua sare na madaftari mwezi wa kwanza. Anayedhani kwamba wanakijiji hawaijui thamani ya ajira hajawahi kuwaona vijana wamejipanga langoni tangu alfajiri, vyeti mkononi, wakingoja kuitwa kufyeka majani. Wanaijua sana. Ndiyo maana wanapouliza swali la pili, baada ya lile la ajira, yafaa wasikilizwe kwa makini, maana wanaliuliza huku wakijua linaweza kuwagharimu lile la kwanza.

Swali lenyewe ni hili: yale mabaki yaliyopo, na yale yatakayoongezeka, yamezuiliwa na nini?

Hapa pana jambo ambalo wakubwa wetu hulipita haraka. Mgodi wa kufunguliwa upya si sawa na mgodi mpya. Mgodi mpya huanza na ardhi tupu. Mgodi wa zamani unakuja na mzigo wake: shimo lililojaa maji, vilima vya kifusi, na bwawa la tope lenye ukuta uliojengwa na mikono ambayo haipo tena, pengine kwa michoro ambayo hakuna ajuaye ilipo. Mwekezaji mpya hukagua mwamba kwa uangalifu mkubwa kwa sababu ndimo mnamo fedha yake. Ukuta wa tope hauna fedha ndani yake. Una gharama tu.

Ningekuwa bado darasani ningewapa watoto wa darasa la saba hesabu hii. Katika mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, tani 100 za mwamba hutoa karati sita au saba hivi. Karati moja ni sehemu ya tano ya gramu. Tafuta uzito wa almasi iliyopatikana. Jibu ni gramu moja na kidogo, nyepesi kuliko punje chache za mahindi. Sasa tafuta uzito wa kinachobaki. Mtoto mwerevu atacheka na kusema: Mwalimu, kinachobaki ni tani 100 zilezile! Naam. Mwamba umesagwa, umeoshwa kwa maji mengi, kokoto zimewekwa huku, na unga laini uliochanganyika na maji umepelekwa kwa bomba hadi bwawani. Gramu moja itapanda ndege. Tani 100 zitabaki na jirani.

Tangu Dakta John Williamson, yule mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, alipoigundua Mwadui mwaka 1940, hesabu hiyo imerudiwa kila siku mgodi ulipofanya kazi. Mwaka 1947 lilipatikana pale jiwe la rangi ya waridi la karati 54.5, akapewa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa harusi yake. Habari za jiwe hilo zimeandikwa na kuandikwa tena. Habari za kule yalikokwenda matope yaliyotoka pamoja nalo, mtu atazisoma wapi?

Aprili 2020 mgodi huo ulisimamishwa wakati wa janga la korona, soko la almasi likiwa limeanguka. Mwaka 2021 ukafunguliwa tena. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa upande wa mashariki wa bwawa la tope ukapasuka. Tope likatoka nje ya eneo la mgodi, likaingia mashambani na majumbani katika vijiji vya Ng'wanholo na Nyenze. Namshukuru Mungu kwamba hakuna aliyeripotiwa kufa. Lakini shamba lililofunikwa kwa tope la mgodi si shamba lililofurika mto. Mto hukuachia rutuba. Tope la mwamba uliosagwa hukauka likawa kama sakafu, na jembe hugonga. Mgodi ukafungwa, bwawa jipya likajengwa, na Julai 2023, miezi minane tu baada ya tope kumwagika, uzalishaji ukaanza tena. Kwa hiyo ndani ya miaka mitatu na miezi michache mgodi uleule ulifungwa mara mbili na kufunguliwa mara mbili.

Sidai kwamba bwawa jipya ni bovu. Sina ujuzi wa kulihukumu. Ninachodai ni kwamba mtu aliyeona ukuta wa kwanza ukipasuka ana haki ya kuuliza kuhusu ukuta wa pili bila kuchekwa.

Na asidhani mtu kwamba ile ilikuwa bahati mbaya ya Kishapu peke yake. Miezi miwili kabla, tarehe 11 Septemba 2022, bwawa jingine la tope la almasi lilipasuka huko Jagersfontein, Afrika Kusini, likasomba nyumba na kuua watu. Mgodi wa Jagersfontein ulifungwa mwaka 1971. Kilichofunguliwa upya hakikuwa shimo bali yale mabaki ya zamani, ambayo yalioshwa mara ya pili ili kutafuta almasi zilizoachwa na wazee. Jambo ambalo wachimbaji wadogo wa dhahabu kwetu wanalijua vizuri na huliita marudio. Mwaka 2007 mahakama huko iliamua kwamba mabaki hayo ya zamani hayakuwa chini ya sheria ya madini. Wizara ya madini ikaona si kazi yake, na ofisi ya maji ikabaki kuandikiana barua na wenye mabaki. Hivyo ndivyo mgodi wa zamani unavyoweza kupenya katikati ya ofisi mbili, kama mtoto mtoro anayemwambia baba yuko shuleni na mwalimu kwamba yuko nyumbani.

Sasa nieleze mkutano mmoja nilioushuhudia, maana ndio ulionifanya nishike kalamu. Mgodi wenyewe sitautaja, wala kijiji. Ulikuwa umesimama miaka mingi, na vijana wadogo wa kijiji hawakuwahi kuusikia ukilia. Wakaja wageni kwa magari matatu. Mahema yakafungwa, soda zikaletwa, mtendaji akafungua mkutano. Afisa mmoja, kijana nadhifu, akaeleza ajira, barabara, zahanati. Watu wakapiga makofi, nami nikapiga. Kisha akasimama bibi mmoja, mjane, ambaye nyumba yake iko chini kabisa upande wa bondeni, akasema: "Mwanangu, shikamoo sikusalimii maana wewe ni mjukuu wangu. Mimi nauliza kitu kimoja. Ule ukuta wa zamani, kiangazi chote majani ya chini yake yako mabichi. Mtaufanyaje?"

Kijana akatabasamu. Akajibu: "Bibi yangu, hayo tuachieni wataalamu. Ninyi andaeni vijana." Watu wakacheka. Bibi akaketi. Orodha ya mahudhurio ikapita mkono kwa mkono tukatia saini.

Nimekaa na jibu lile muda mrefu, na kila nikilirudia hasira yangu huongezeka, kwa sababu swali la bibi yule lilikuwa la kitaalamu kuliko jibu. Sisi Wasukuma ni watu wa malambo. Nchi yetu haina mito ya kudumu ya kutosha; tangu enzi za ukoloni hadi baada ya Uhuru tumechimba malambo ya kunyweshea ng'ombe na kuyazungushia kuta za udongo. Mtu aliyekulia kando ya lambo anajua dalili. Anajua kwamba majani mabichi chini ya ukuta wakati nchi nzima imekauka maana yake maji yanapita ndani kwa ndani. Anajua kwamba maji yakitoka safi chini ya ukuta, bado una siku za kutengeneza. Yakianza kutoka na udongo, ukuta unaliwa kutoka ndani, na hapo huna siku, una saa. Anajua shimo la panya, kichuguu, mzizi wa mti uliokufa. Anajua kwamba maji hayaachwi yaegemee ukuta hadi juu, lazima ibaki nafasi ya mvua isiyotarajiwa. Mhandisi wa mabwawa husoma mambo hayohayo chuoni na kuyapima kwa vyombo. Bibi aliyapima kwa macho, kila siku, akienda kuchuma mlenda. Kati ya mtu anayeuangalia ukuta mara moja kwa mwaka kwa chombo na anayeuangalia kila asubuhi kwa macho, mimi ningewaajiri wote wawili.

Na hili la wataalamu, tulitazame bila woga. Tarehe 25 Januari 2019, bwawa la mgodi wa chuma huko Brumadinho, Brazil, lilipasuka mchana, likaua watu 270. Bwawa hilo halikuwa likitumika. Lilikuwa limeacha kupokea tope tangu mwaka 2016. Lilikuwa limelala, kama hayo ya kwetu tunayoambiwa yamelala salama. Miezi michache kabla, wakaguzi kutoka kampuni ya sifa kubwa ya Ujerumani walikuwa wametoa hati kwamba ukuta uko imara. Bwalo la chakula la wafanyakazi lilikuwa bondeni, chini ya ukuta. Ving'ora vilivyowekwa kuwaonya watu havikulia. Sisemi utaalamu ni uongo; nimeutumikia ualimu miaka yangu yote, nitawezaje kuudharau ujuzi? Nasema kwamba hati ya mtaalamu haikumzuia hata mtu mmoja asife pale, na kwamba baada ya msiba ule Wabrazili wenyewe waliipiga marufuku aina ile ya ukuta, unaoinuliwa kwa kuujenga juu ya tope lilelile linalozuiliwa. Agosti 2020 kikatoka kiwango cha kimataifa cha kusimamia mabwawa ya tope, na mojawapo ya matakwa yake ni kwamba wenye mgodi watangaze hadharani habari za usalama wa bwawa na kuwashirikisha watu wanaoweza kudhurika. Bibi yule hakukisoma. Alichokiomba ndicho kilichomo.

Kwa mwalimu, hata hivyo, jina zito kuliko yote ni Aberfan. Ni kijiji cha wachimbaji wa makaa ya mawe huko Wales. Kifusi cha mgodi kilirundikwa mlimani juu ya kijiji, na rundo la saba likawekwa juu ya chemchemi. Mwaka 1963 mhandisi wa halmashauri aliandika barua kuhusu hatari ya tope hilo nyuma ya shule. Wazazi nao walilalamika. Bodi ya Taifa ya Makaa ya Mawe ikajibu jinsi ofisi zinavyojibu. Ijumaa tarehe 21 Oktoba 1966, saa tatu na robo asubuhi, watoto wakiwa ndio kwanza wanaingia madarasani, rundo likateremka. Walikufa watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto. Mwalimu mkuu alikufa pamoja na wanafunzi wake. Tume ya uchunguzi ililaumu Bodi, lakini hakuna hata mtu mmoja aliyeshtakiwa. Kisha, na hapa msomaji avumilie maana ni kweli ingawa haiaminiki, fedha pauni 150,000 zikachukuliwa kutoka katika mfuko wa rambirambi ili zisaidie kuondoa marundo yaliyobaki, kwa sababu wenye marundo hawakutaka kulipa gharama yote. Zilirudishwa mwaka 1997, miaka 30 na zaidi baada ya mazishi.

Nimekuwa mwalimu mkuu. Asubuhi saa moja na nusu nilisimama mbele ya mistari ya watoto na kuhesabu. Siwezi kuisoma idadi ile nikaendelea na chai.

Mtu ataniambia: Mwalimu, hayo ni ya Wales na Brazil, kwetu sheria ipo. Ipo, tena nzuri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inadai tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya mradi, na inawataka wananchi washirikishwe. Lakini kushirikishwa kumegeuka kuwa nini? Ripoti huandikwa kwa Kiingereza, nene kama Biblia, ikawekwa ofisini mahali ambapo mkulima ataisoma akiwa amevua kofia. Kijijini hubaki orodha ya mahudhurio. Naomba niwaeleze waheshimiwa jambo ambalo kila mwalimu wa zamu analijua: daftari la mahudhurio linaonyesha nani alikuwepo. Halionyeshi nani ameelewa, sembuse nani amekubali. Ningempandisha mtoto darasa kwa sababu tu aliitika jina lake asubuhi, mkaguzi angenifukuza kazi, na angekuwa na haki.

Lipo pia suala la nani atakuwepo. Mwadui imekuwa ya Williamson hadi alipofariki mwaka 1958. Ikawa ya De Beers pamoja na serikali. Mwaka 2009 Petra ikachukua sehemu kubwa. Januari 2025 Petra nayo ikatangaza kuuza hisa zake. Mei 2021 Petra hiyohiyo, bila kukiri kuwajibika kisheria, ilifikia mapatano ya pauni milioni 4.3 jijini London kuhusu madai ya watu waliosema waliteswa na walinzi wa mgodi, pamoja na ya familia zilizopoteza ndugu. Walioleta madai walikuwa 71. Natamka hayo si kwa kumwandama mtu. Natamka ili ieleweke kwamba jirani wa mgodi anayekuwa mgumu kuamini hakuzaliwa hivyo. Wenye mgodi hubadilika kama walimu wanavyohamishwa. Wanaokaa chini ya ukuta hawana uhamisho. Makaburi ya wazazi wao yapo pale.

Kwa hiyo wanadai nini, hawa wanaoitwa wapinzani? Nimewasikiliza, na madai yao hayawezi kumtisha mwekezaji mwaminifu. Wanataka mchoro wa ukuta, wa zamani na mpya, ubandikwe katika ofisi ya kijiji kwa Kiswahili, uonyeshe tope litapita wapi likitoka na litafika nyumba ipi kwanza. Wanataka vijana wawili au watatu wa kijiji wafundishwe kusoma vipimo vya maji ndani ya ukuta na waruhusiwe kuingia kuvisoma, si kuombwa radhi langoni. Wanataka maji ya visima yapimwe sasa, kabla ya jiwe la kwanza kusagwa, ili kesho asije mtu kusema yalikuwa hivyo tangu zamani. Wanataka walio bondeni kabisa wahamishwe kwa fidia ya kweli kabla ya kazi, na dhamana ya fedha ya kufungia mgodi iwekwe mahali ambapo mwenye mgodi akifilisika haendi nayo. Na wanataka king'ora kijaribiwe, watu wakimbie kweli, wazee wabebwe kweli, saa ishikwe mkononi. Shuleni kwangu tulifanya zoezi la moto kila muhula, na paa letu lilikuwa la bati.

Hapana hata dai moja hapo linalosema mgodi usifunguliwe.

Mwezi uliopita nilimpelekea bibi yule sukari na chumvi, kama ilivyo desturi. Alinipeleka hadi nyuma ya nyumba yake akanionyesha. Majani ya chini ya ukuta yalikuwa bado mabichi, na ilikuwa mwezi wa Septemba. Amechomeka mti pale maji yanapoishia, ili aone kama yanasogea. Nilimwuliza kama kuna yeyote aliyekuja kumjibu tangu ule mkutano. Akasema walikuja vijana wawili kupima barabara.

Barua nimemwandikia mimi, kwa mwandiko wangu, nakala tatu: ya mtendaji, ya wilaya na ya wenye mgodi. Ameweka dole gumba, mimi nimesaini kuwa shahidi. Imeulizwa mle kwamba ukuta utakaguliwa lini, na nani, na majibu yatasomwa kwa lugha gani. Tumeandika tarehe juu kabisa, kwa tarakimu kubwa.